WATOTO WETU NA KARATASI YA KIINGEREZA

Hotuba iliyosomwa na walimu wa kamati ya elimu mbele ya mkutano mkuu wa mwaka, Ntimaru



Katika mkutano wa mwaka jana mzee mmoja aliyeketi karibu na mlango aliuliza swali ambalo sisi walimu hatukuweza kulijibu papo hapo. Alisema: "Mjukuu wangu husema Kiingereza na wenziwe njiani kutwa kucha, hata sisi wazee twaona haya kupita kati yao. Mbona karatasi ya Kiingereza ikirudi nyumbani, alama zake ni chache kuliko za hesabu?" Watu walicheka. Sisi hatukucheka sana, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa na mjukuu wa namna hiyo darasani mwake. Swali lile tulikwenda nalo nyumbani, nasi tumekaa nalo mwaka mzima. Leo tumekuja kulijibu kadiri tuwezavyo, na mtaona ya kuwa jibu lagusa makosa ya walimu kabla ya kugusa makosa ya mtoto.

Yafaa kwanza tujue mtoto aulizwa nini. Katika mtihani wa K.C.S.E. Kiingereza kina karatasi tatu, na jumla ya alama ni 200. Karatasi ya kwanza ina alama 60: barua na maandishi mengine ya matumizi ni alama 20, kuziba mapengo katika habari fupi ni alama 10, na maswali ya matamshi na mazungumzo ni alama 30. Karatasi ya tatu nayo ina alama 60, na hiyo ni ya insha. Karatasi ya pili ndiyo iliyotuleta hapa. Ina alama 80, na mtoto hupewa saa mbili na nusu. Humo ufahamu wa habari una alama 20, dondoo la kitabu kilichosomwa darasani alama 25, shairi au simulizi alama 20, na sarufi alama 15. Ukiiondoa sarufi, zabaki alama 65, na zote zamtaka mtoto asome maneno yaliyowekwa mbele yake, ayaelewe, kisha ajibu kutokana na maneno hayo. Kusema kwa wepesi njiani hakumpi hata alama moja mahali hapo. Jibu la kwanza kwa mzee wetu ni hilo.

Wala hasara haiishii katika karatasi ya Kiingereza. Maswali ya historia, jiografia, biolojia, hata hesabu zile zinazoanza kwa hadithi ya mfanyabiashara na magunia yake ya mahindi, yote huandikwa kwa lugha hiyo. Tumemwona kijana aliyejua vizuri jinsi damu inavyozunguka mwilini, naye akapoteza alama kwa sababu aliambiwa "explain", yaani atoe sababu, yeye akafanya kama aliyeambiwa "describe", akasimulia mambo yalivyo bila kutaja sababu hata moja. Alikuwa anaijua biolojia. Swali ndilo hakulisoma.

Wazee mliosoma zamani mwaukumbuka mtihani wa C.P.E. ulioanza mwaka 1966. Mwaka 1985 ukaja wa K.C.P.E., na Kiswahili nacho kikawa somo la kutahiniwa kwa kila mtoto. Katika mtihani huo Kiingereza kilikuwa na maswali 50 ya kuchagua jibu, na insha iliyoandikwa kwa dakika 40. K.C.P.E. ilifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Siku hizi mtoto wa Gredi ya 6 hufanya K.P.S.E.A., iliyoanza mwaka 2022, na wa Gredi ya 9 hufanya K.J.S.E.A., iliyoanza mwaka 2025. Hata K.C.S.E. ya mtindo huu tulioueleza imepangiwa kwisha mwaka 2027.

Twayataja haya kwa sababu tuna jambo la kukiri. Miaka iliyopita chama hiki, kwa ushauri wetu sisi, kilitoa fedha zikanunuliwa karatasi za K.C.P.E. za miaka ya nyuma, mafungu kwa mafungu. Tuliwaambia ninyi ya kuwa mtoto akizifanya zote hatashindwa. Leo karatasi hizo zimo sandukuni ofisini, na panya ndio wasomaji wake. Mtihani uliondoka, na mali yetu ikaondoka nao. Walakini hata zilipokuwa na kazi hazikufundisha tulivyodhani. Siku moja tulimwuliza msichana mmoja, mwenye akili timamu kabisa, kwa nini alichagua jibu la C. Akasema: "Mwalimu, B imekwisha kutokea mara mbili zikifuatana." Hakuwa amesoma habari yenyewe. Alikuwa amejifunza tabia za mtihani kama mtu anavyojifunza tabia za mbwa wa jirani, apate kupita salama. Hatuwezi kumlaumu, maana sisi ndio tuliomfundisha hivyo.

Sasa twataka kuwaonyesha, kwa mfano mmoja tu, mahali watoto wetu wanapojikwaa. Tulitunga sentensi hii wenyewe tukawapa kundi la watoto:

"Although the rains had failed twice, the old woman would not part with her last heifer."

Maana yake ni hii: ingawa mvua zilikuwa zimekosa mara mbili, bibi kizee hakukubali kumtoa mtamba wake wa mwisho. Ni jambo ambalo kila mtu wa Ntimaru alielewa hata bila kwenda shule. Lakini tazameni yaliyotokea.

Wengi walipoambiwa waieleze tena kwa maneno yao waliandika "although" mwanzoni, na katikati wakatia "but". Kosa hili halikutoka katika ujinga. Limetoka katika Kiswahili chetu cha kila siku, maana sisi husema, "Ingawa mvua zilikosa, lakini bibi alikataa," wala hakuna anayetugombeza. Kiingereza hakivumilii maneno hayo mawili kukaa katika nyumba moja. Ukilichukua la kwanza, la pili libaki mlangoni. Mtoto akielezwa hivyo mara moja, na kuonyeshwa kosa limetoka wapi, hulishika. Akiambiwa tu "wrong", na mstari mwekundu ukapigwa, atalirudia mpaka Kidato cha Nne.

Tukawaambia waiandike upya wakianza na "In spite of". Maswali ya namna hiyo ni ya kawaida katika sehemu ya sarufi. Karibu wote waliandika "In spite of the rains had failed". Hapo mmoja wetu alipata shauri ambalo sisi wengine hatukuwa tumelifikiri. Aliwaambia watoto walitafute neno hilo katika Kiswahili. Wakasema ni "licha ya". Akawauliza: "Je, mwasema licha ya mvua zilikosa?" Wakacheka, wakasema, "La, twasema licha ya mvua kukosa." Basi! Kiswahili hakitaki kitenzi cha kawaida baada ya "licha ya", na Kiingereza hakikitaki baada ya "in spite of". Wakaandika wenyewe: "In spite of the rains having failed twice". Kanuni ambayo tulikuwa tumeiandika ubaoni mara nyingi bila kufaulu ilieleweka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Katika sentensi ile ile mna "part with". Neno "part" mtoto alilijua tangu madarasa ya chini kwa maana ya sehemu, na kwa hiyo aliandika kwamba bibi hakuwa na sehemu ya mtamba. Vitenzi vya Kiingereza vina desturi ya kuchukua kijineno nyuma yake, na kijineno hicho chaweza kugeuza maana yote. Kadhalika "would not", ambayo hapa yaonyesha kukataa, wao waliifanya kuwa habari ya siku zijazo. Maneno haya hayatafutwi katika orodha ya kukariri. Mtoto huyazoea kwa kukutana nayo mara nyingi katika hadithi, kama anavyozoea sura za watu wa sokoni.

Jambo la mwisho juu ya sentensi hiyo huwachekesha wageni. Watoto wengi walimwita bibi kizee "he". Katika Kikuria, kama katika Kiswahili, mwanamume na mwanamke huelezwa kwa neno moja, na mtoto hakuwahi kuhitaji kuwatenga kwa kijineno. Asichekwe kwa hilo. Lugha yake mwenyewe ina mambo ambayo Mwingereza angetoka jasho kuyajua: Kikuria hupambanua lililotendeka leo na lililotendeka siku zilizopita ndani ya kitenzi chenyewe, na mara nyingine kwa kupandisha sauti mahali fulani tu. Mtoto anayeweza hayo tangu kunyonya hawezi kushindwa na tofauti ya "failed" na "had failed". Atashindwa tu ikiwa hakuna aliyemwonyesha. (Juu ya herufi l na r hatutasema mengi. Ulimi uliozoea Kikuria huipenda r, na katika sehemu ya matamshi mtoto yampasa aangalie sana, maana kwa Kiingereza wali na chawa hutenganishwa na herufi hiyo moja.)

Tuje kwenye ufahamu wenyewe, ambao ndio mzito.

Wazee mnaosikiliza mashauri ya mipaka ya mashamba na ya ng'ombe waliopotea mwalijua jambo hili kuliko sisi. Shahidi anaposimama husema aliyoyaona na aliyoyasikia. Akianza kusema yanayojulikana na watu wote, au anayodhani, mzee humkatiza: "Hayo hukuulizwa." Ufahamu ni shauri la namna hiyo, na habari iliyoandikwa ndiyo shahidi. Tulipowauliza watoto kwa nini bibi alikataa kumtoa mtamba, tukiwa tumewapa habari kamili ya mistari kama ishirini, wengi waliandika kwamba ng'ombe ni mali ya mahari. Ni kweli, nasi sote twajua ni kweli. Lakini habari haikusema hivyo. Habari ilisema mtamba huyo ndiye uzao wa mwisho wa ng'ombe aliyeachiwa na mumewe. Jibu lililo kweli Ntimaru, lakini halimo katika habari, halina alama.

Wengine hukimbilia upande wa pili. Hunakili fungu zima, wakitumaini kwamba jibu limo humo mahali fulani, na mtahini atalichambua mwenyewe. Mtahini hana kazi hiyo. Aliyeulizwa sababu moja na akatoa mistari sita ameonyesha kwamba hakuijua sababu ni ipi. Na katika muhtasari kuna mtego mwingine unaokula alama kila mwaka: swali husema, "in note form", yaani kwa vidokezo vifupi, na mtoto huandika sentensi nzuri zilizokamilika. Amejua majibu yote, naye hukatwa alama kwa kutofuata amri ya mistari miwili. Sisi hatuna dawa nyingine ya ugonjwa huu isipokuwa kumzoeza mtoto kulisoma swali kwa kidole, neno kwa neno, kabla ya kushika kalamu.

Mwaka huu tulijaribu desturi mpya kwa kundi dogo la watoto, jioni baada ya masomo. Husoma habari mara mbili, kalamu ikiwa chini. Kisha hufunga karatasi, na mmoja husimulia aliyoyasoma, wenziwe wakimsahihisha. Ndipo hufungua na kutazama maswali. Jibu likiisha kuandikwa, lazima mtoto aonyeshe mstari ulilolitoa, na asipoweza kuuonyesha, jibu hufutwa hata likiwa zuri namna gani. Mwanzoni walinung'unika sana, maana habari moja ilichukua saa nzima, na wao walikuwa wamezoea kumaliza tatu.

Kwa upande wa sarufi kila mtoto alipewa daftari la makosa yake mwenyewe. Ukurasa wa kushoto huandikwa sentensi kama alivyoikosea, na wa kulia kama ilivyopasa kuwa, pamoja na sababu kwa lugha yoyote aitakayo, Kiingereza, Kiswahili au Kikuria. Kila mwisho wa juma huufunika ukurasa wa kulia na kujisahihisha upya. Vitabu vya mazoezi vinavyouzwa madukani vimejaa makosa ya mtoto ambaye hatumjui. Makosa kumi ya mtoto wako mwenyewe yafaa kuliko mia ya huyo.

Hatutajisifu mbele yenu kwamba watoto wote wamepanda. Wengine wamepanda, wengine wako pale pale, na wawili waliacha kuja. Lakini madaftari hayo yalitufundisha sisi jambo ambalo hatukulitafuta. Tulipoyakusanya tuliona kwamba ya wavulana yamejaa, na ya wasichana mengi yana kurasa tupu. Mmoja wetu aliwakaripia wasichana kwa uvivu. Baadaye tuliona haya, kwa sababu tulipouliza tulijibiwa hivi: wavulana huandika jioni kukiwa bado kweupe, ng'ombe wakiisha kuingia zizini. Wasichana huandika usiku, baada ya kuteka maji, kupika, kuosha vyombo na kuwalaza wadogo, na saa hiyo taa ama imeisha ama imechukuliwa na mwingine. Msichana mmoja alituambia kwamba husoma akikoroga ugali, na daftari lake lilikuwa na alama za unga kuthibitisha neno lake. Wazee wetu, twawaomba nusu saa tu. Msichana na apewe nusu saa ya mwanga wa jua kila siku, na ndoo hiyo moja ichukuliwe na kaka yake. Hatujui njia nyingine ya kuzijaza kurasa zile.

Kuna jambo jingine la aibu, nalo ni letu sisi walimu. Wengi walio hapa waliwahi kuvalishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema Kikuria. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind, cha mwaka 1986, jinsi watoto wa Kikuyu walivyoadhibiwa kwa kosa kama hilo wakati wa ukoloni. Ukoloni uliondoka mwaka 1963, kibao hakikuondoka. Baadhi yetu tulikivaa tulipokuwa wanafunzi, na tulipokuwa walimu tukakitundika juu ya shingo za wengine, tukidhani twakuza Kiingereza. Tulichokuza ni ukimya. Mtoto aliyeogopa kibao hakusema Kiingereza zaidi. Alinyamaza, au alijifunza maneno machache ya kumpitisha njiani, yale yale aliyoyasikia mzee wetu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, tena imeiamuru Serikali ikuze lugha za wenyeji. Basi hakuna sheria anayoivunja mtoto anayesema lugha ya mama yake.

Ndugu zetu walio ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime, watoto wao wa shule za Serikali husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wakiingia sekondari hukuta masomo yamegeuka kuwa ya Kiingereza. Mlio na jamaa huko mwajua taabu ya mtoto wa Kidato cha Kwanza. Kwetu utaratibu ni kwamba mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 afundishwe kwa lugha ya mahali alipo, na tangu Gredi ya 4 afundishwe kwa Kiingereza. Huo mlima ni ule ule, ila wetu huupanda wakiwa wadogo zaidi, na wengi hufika hapo hawajapata kusoma hata hadithi moja wakaimaliza.

Hapa ndipo tunapowahitaji ninyi wazee, na tafadhali msituambie kwamba hamjui Kiingereza. Hatuwaombi Kiingereza. Twaomba kwamba mtoto akiisha kusoma kurasa mbili za hadithi ya Kiingereza, aje akae nawe, akusimulie kwa Kikuria. Akiweza, amefahamu. Asipoweza, hakufahamu, hata kama aliyasoma maneno kwa sauti nzuri kama ya redio. Mzee mmoja wa kamati alituuliza: "Na akinidanganya, nitajuaje?" Tukamwambia amwulize kama anavyomwuliza mtu aliyekuja na habari za mbali: Nani alifanya? Wapi? Alisema nini hasa? Kwa nini hakukataa? Ninyi mmesikia hadithi nyingi kuliko sisi, na hadithi iliyovunjika mguu huijua tangu mbali. Mzee yule alijaribu kwa mjukuu wake. Baada ya siku nne alituletea malalamiko kwamba kitabu kile kimekatika mahali pabaya, naye ataka kujua kama mwizi alishikwa. Tulimwambia mjukuu hajafika huko. Tangu siku hiyo mjukuu hapati amani mpaka asome.

Bwana Mwenyekiti, sasa twaja kwenye fedha. Mhasibu wetu, ambaye twamheshimu kwa uangalifu wake, alituambia katika kamati kwamba vitabu vya hadithi si vya mtihani, na wanachama watauliza kwa nini fedha zao zimenunua ngano. Ni haki kuuliza. Jibu letu ni sanduku lile la ofisini. Karatasi za mtihani hufa pamoja na mtihani wake. Mtoto aliyezoea kusoma kurasa ishirini na kuzisimulia ataweza kusimama mbele ya K.C.S.E., au K.J.S.E.A., au mtihani wowote utakaopewa jina jingine baada ya mwaka 2027. Twajua pia kwamba hata vitabu vilivyowekwa havisomwi. Riwaya ya Paul B. Vitta iitwayo Fathers of Nations ni riwaya ya lazima miaka hii, na tumewaona vijana wanaoijua kwa njia ya vijitabu vya mwongozo tu. Wajua nani ni nani na maudhui ni yapi, na dondoo likitolewa hawatambui limetoka wapi, kwa kuwa hawajapita njia hiyo kwa miguu yao.

Kwa hiyo twaomba mkutano ukubali mambo haya. Karatasi za mitihani iliyopita zisinunuliwe tena kwa mafungu; nakala moja ya kila mwaka itunzwe ofisini, ili mtoto aone namna ya maswali na kujipima kwa saa, na hiyo ni kazi ya wiki za mwisho. Fedha zinazobaki zinunue vitabu vifupi vya hadithi kwa Kiingereza na Kiswahili, kamusi za kutosha watoto wanne kutumia moja, na taa mbili za jua zitakazowashwa katika chumba cha mikutano jioni. Kitabu kitaandikwa katika daftari kwa jina la mzazi, si la mtoto, na atakayekipoteza atalipa yeye mzazi. Tumeambiwa sharti hilo ni kali. Lakini kitabu kilichoandikwa kwa jina la mzee hakiokolewi jikoni kikiwa kimekwisha kuwashiwa moto, huulizwa mapema.

Tutaanza na watoto wa Gredi ya 5 na ya 6, Jumamosi alasiri saa tisa, katika chumba hiki hiki. Walimu watatu tumejitolea kwa zamu bila malipo. Jambo ambalo hatuna ni viti. Mzee aliyeuliza swali mwaka jana ameahidi benchi moja, na amesema lina nafasi ya watoto sita wakibanana. Twahitaji mengine manne. Anayeweza kutoa mbao, au kazi ya mikono, na amwone Katibu kabla ya kuondoka.